Bodi imewaka lakini wlan0 haipo: kutafuta kosa kwenye mti wa vifaa

Bodi imewaka, Linux imepanda vizuri, lakini ukiandika `ip link` unaona `lo` na `eth0` tu. `wlan0` haipo. Wengi wakifika hapo hukimbilia kutafuta draiva. Wanapakua kifurushi cha kwanza wanachokutana nacho, wanakikompaili hadi usiku wa manane, na asubuhi hali ni ile ile. Nimeletewa bodi za namna hii mara nyingi, na karibu kila mara draiva ilikuwemo ndani ya kerneli tangu mwanzo. Kilichokosekana ni maelezo kwenye mti wa vifaa (device tree), yaani faili linaloieleza kerneli bodi ina vifaa gani na vimeunganishwaje. Hakuna aliyeiambia kerneli chipu ya Wi-Fi iko wapi, inawashwa na nini, na inahitaji nini kabla haijaweza kujibu.

Nitashughulikia zaidi chipu zilizolehemewa juu ya bodi za ARM na kuunganishwa kwa SDIO (njia ya data ya ukoo wa kadi za SD), hasa zile za Broadcom (baadaye Cypress, iliyonunua biashara hiyo mwaka 2016) zinazotumia draiva ya `brcmfmac`. Ndizo zilizomo kwenye Raspberry Pi kuanzia Pi 3, na ndizo zilizomo ndani ya moduli ndogo za AP6212 na AP6255 unazozikuta kwenye bodi nyingi za bei nafuu. Ruta zenye chipu za Qualcomm Atheros nitazigusa kuelekea mwisho, maana makosa yake ni ya ukoo mmoja na haya.

## Kwa nini chipu inayojua kujitambulisha ielezwe?

Swali hili ni la haki. Kadi ya USB ukiichomeka inajitambulisha yenyewe, na SDIO nayo iko hivyo: kila chipu imebeba namba ya mtengenezaji (0x02d0 kwa Broadcom) na namba ya aina yake, na kerneli hutumia namba hizo kuchagua draiva.

Tatizo ni kwamba chipu hujitambulisha ikiwa macho tu. Kwenye bodi ndogo, umeme wake unashikiliwa na pini moja ya chipu kuu, ambayo kwenye michoro ya saketi huitwa WL_REG_ON. Mapigo ya saa ya 32.768 kHz inayoyahitaji hutoka kwenye chipu nyingine kabisa, mara nyingi ile inayogawa umeme. Volteji ya nyaya za data inatoka kwingine tena. Kerneli haiwezi kugundua hata kimoja kati ya hivyo. Inapiga hodi kwenye nyumba ambayo mwenyeji amelala fofofo, na swichi ya taa iko kwa jirani. Mti wa vifaa ndio unaosema jirani huyo ni nani na swichi iko ukuta upi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Lilitoka kwenye Open Firmware, kiwango cha IEEE 1275 cha mwaka 1994, kilichotumika kwenye mashine za Sun na Apple. Upande wa ARM uliukumbatia mti huu kwa nguvu baada ya 2011, Linus Torvalds alipolalamikia utitiri wa mafaili ya C, kila bodi na faili lake, ndani ya msimbo wa ARM. Siku hizi maelezo huandikwa kwenye faili la maandishi la DTS, yanakompailiwa kuwa DTB, na programu ya kuwashia bodi, kwa kawaida U-Boot, huikabidhi kerneli DTB hiyo.

Huu hapa mfano wa bodi yenye chipu kuu ya RK3399. Nitaurejelea mwongozo mzima:

```
sdio_pwrseq: sdio-pwrseq {
    compatible = "mmc-pwrseq-simple";
    clocks = <&rk808 1>;
    clock-names = "ext_clock";
    pinctrl-names = "default";
    pinctrl-0 = <&wifi_enable_h>;
    reset-gpios = <&gpio0 RK_PB2 GPIO_ACTIVE_LOW>;
    post-power-on-delay-ms = <200>;
};

&sdio0 {
    #address-cells = <1>;
    #size-cells = <0>;
    bus-width = <4>;
    cap-sd-highspeed;
    cap-sdio-irq;
    non-removable;
    keep-power-in-suspend;
    mmc-pwrseq = <&sdio_pwrseq>;
    pinctrl-names = "default";
    pinctrl-0 = <&sdio0_bus4 &sdio0_cmd &sdio0_clk>;
    vqmmc-supply = <&vcc1v8_wl>;
    status = "okay";

    wifi@1 {
        compatible = "brcm,bcm4329-fmac";
        reg = <1>;
        interrupt-parent = <&gpio0>;
        interrupts = <RK_PA3 IRQ_TYPE_LEVEL_HIGH>;
        interrupt-names = "host-wake";
    };
};
```

Nodi ya juu inaeleza namna ya kuiamsha chipu, ya katikati inaeleza barabara ya kuifikia, na ile ndogo ya ndani inaeleza chipu yenyewe. Ona jinsi ile ya chipu yenyewe ilivyo fupi. Kazi kubwa iko kwenye kuamsha na kwenye barabara, na huko ndiko makosa yanakozaliwa.

## Kwanza: mti uliouhariri ndio unaosomwa?

Usiruke hatua hii hata kama una uhakika. Watu hupoteza siku mbili wakihariri faili ambalo U-Boot hailipakii. Faili sahihi liko kwenye folda ya pili, au jina lililoandikwa ndani ya `extlinux.conf` ni la bodi nyingine.

Kerneli hukuonyesha mti ulio hai ndani ya `/proc/device-tree`. Utoe wote kama maandishi:

```
dtc -I fs -O dts /proc/device-tree > hai.dts
```

Fungua `hai.dts` utafute `pwrseq`. Kama hukuti ulichoandika, acha kila kitu urekebishe upakiaji kwanza. Majina kama `RK_PB2` hutayaona humo; utaona namba tupu kwa heksa, kwa sababu majina hayo hubadilishwa kuwa namba wakati wa kukompaili.

Ukiwa hapo angalia pia `cat /proc/device-tree/model`, na neno la kwanza la `compatible` ya mzizi wa mti. Neno hilo litatusumbua tena tukifika kwenye fimweya, yaani programu inayopakiwa ndani ya chipu yenyewe.

## Kidhibiti cha SDIO chenyewe hakionekani

Dalili yake: ukipekua ujumbe wa kerneli kwa `dmesg | grep mmc` unaona kidhibiti cha kadi ya kumbukumbu tu, na cha Wi-Fi hakitajwi popote, hata kwa kosa. Ukimya huu una maana. Kerneli imekiweka kando ikisubiri kitu ambacho hakijafika. Orodha ya wanaosubiri iko hapa, na uisome ukiwa root:

```
cat /sys/kernel/debug/devices_deferred
```

Ukikuta jina la kidhibiti chako humo, anza na `mmc-pwrseq`. Kidhibiti hakianzi kazi mpaka nodi ya kuamsha iwe tayari, na nodi ya kuamsha haiwi tayari mpaka mwenye saa awepo. Kama kerneli yako ilikompailiwa bila `CONFIG_PWRSEQ_SIMPLE`, kitasubiri milele. Ni hivyo hivyo kama draiva ya chipu inayotoa saa haipo. Kwenye mfano wetu hiyo ni RK808, na inahitaji `CONFIG_COMMON_CLK_RK808`. Namba ya kosa la kusubiri ni -517, kwa hiyo ukiiona mahali popote, usiitafsiri kama kifo cha kifaa. Kuna mtu bado yuko njiani.

Kama kidhibiti hakimo hata kwenye orodha hiyo, angalia `status`. Mafaili ya chipu kuu huzima karibu kila kitu kwa `disabled`, na faili la bodi linatakiwa liwashe kwa `okay`. Kusahau mstari huo mmoja kunatosha kuzima Wi-Fi yote.

## Kidhibiti kipo, chipu haijibu

Hapa ndipo penye kazi. Utaona `mmc1` imetajwa, kisha hakuna kitu. Wakati mwingine kunakuwa na mstari huu:

```
mmc1: error -110 whilst initialising SDIO card
```

Namba -110 maana yake muda umekwisha: kerneli imepiga hodi, imesubiri, hakuna aliyeitika. Na mara nyingi hata mstari huo hautokei, kwa sababu kerneli ikikosa jibu huhesabu kwamba hakuna kadi, basi. Kwa hiyo usingoje ujumbe wa kosa ndipo uamini kuna kosa.

Sababu ya kwanza ninayoitazama ni mwelekeo wa pini ya kuwasha, na hii nataka nieleze taratibu maana imewanasa hata mafundi wazuri. Mchoro wa saketi unasema WL_REG_ON huwasha chipu ikiwa juu. Fundi anasoma hivyo, anaandika `GPIO_ACTIVE_HIGH`, na anaona ameandika ukweli. Lakini jina la sifa ni `reset-gpios`. Kerneli haijui habari ya kuwasha. Inajua habari ya kulaza. Inaposema lala imewashwa, chipu iwe imezimwa. Inaposema lala imeondolewa, chipu iwe macho. Chipu yetu hulala pini ikiwa chini, kwa hiyo kulala kwake ni kwa `ACTIVE_LOW`. Ukiandika `ACTIVE_HIGH`, kerneli itaiwasha chipu kwa kitambo kidogo wakati wa maandalizi, kisha itaizima pale pale inapotaka kuzungumza nayo.

Bodi moja niliyoletewa ilikuwa hivyo hasa. Mwenye nayo alikuwa amebadilisha kerneli mara nne na kununua moduli ya pili. Nilifungua faili moja tu:

```
cat /sys/kernel/debug/gpio
```

Mstari wa pini namba 10 (B2 ni 8 kwa kundi la B, jumlisha 2) ulionyesha `out lo`, wakati ulipaswa uwe `out hi` na alama ya `ACTIVE LOW` mwishoni. Nilibadilisha neno moja, nikakompaili mti upya, `wlan0` ikatokea. Ile moduli ya kwanza ilikuwa nzima siku zote.

Kama pini iko juu na bado kimya, chukua maltimita. Pima pini ya WL_REG_ON kwenye moduli yenyewe. Kupima upande wa chipu kuu hakutoshi, maana unaweza kukuta rezista haikuwekwa kiwandani au njia imekatika. Kisha pima saa. Huhitaji osiloskopu kwa jibu la haraka: mapigo ya 32.768 kHz yanayopanda na kushuka sawasawa, ukiyapima kwa volteji ya DC, yatakuonyesha karibu nusu ya volteji ya njia hiyo, yaani kama 0.9 V ikiwa njia ni ya 1.8 V. Ukiona sifuri kamili au 1.8 kamili, saa haipigi.

Saa isipopiga, rudi kwenye `clocks = <&rk808 1>`. RK808 ina matokeo mawili ya saa yanayohesabiwa kuanzia sifuri, na hapa tunataka la pili. Ukiandika 0 hutapata kosa lolote, utapata saa ya watu wengine. Hakikisha pia `clock-names` ni `ext_clock` herufi kwa herufi. Nodi ya kuamsha hulitafuta jina hilo tu, na isipolikuta huhesabu kwamba bodi haihitaji saa na huendelea bila kulalamika. Kwa maoni yangu huo ndio mtego mbaya kuliko yote kwenye mti huu, kwa sababu kosa la tahajia linageuka kuwa ukimya. Orodha ya saa zote na idadi ya wanaozitumia iko kwenye `/sys/kernel/debug/clk/clk_summary`. Saa yako ikiwa na watumiaji sifuri, jibu umelipata.

Bluetooth itakusaidia hapa bila kutarajia. Kwenye chipu hizi Bluetooth imo ndani ya kipande kile kile, lakini inaunganishwa kwa UART na kuwashwa kwa pini yake, BT_REG_ON. Saa na umeme mkuu wanagawana. Zikifa zote mbili, tafuta kwenye vitu wanavyogawana. Bluetooth ikiwa hai na Wi-Fi imekufa, umeme wa moduli upo, na kosa liko kwenye WL_REG_ON au kwenye nyaya za SDIO.

Kama umeme na saa viko sawa, angalia muda. Chipu ikishawashwa huhitaji kupumua kidogo kabla ya kuulizwa swali. Ongeza `post-power-on-delay-ms` hadi 200 kwa majaribio; ikitokea, punguza polepole baadaye.

Mwisho ni pini za data. Kama nodi za pinctrl hazikutajwa, pini zinaweza kuwa bado zimepewa kazi nyingine. Tafuta kwenye dmesg maneno `already requested by`; yanakutajia jina la anayezigombania. Mara nyingi ni UART au SPI iliyowashwa kwa kipande cha nyongeza ambacho mtu alikiweka mwaka jana akakisahau.

## Inajibu, lakini maneno yanakatika

```
mmc1: error -84 whilst initialising SDIO card
```

Kosa -84 ni la CRC: chipu imejibu lakini data imefika imeharibika. Tofauti yake na -110 ni kubwa, maana hapa mwenyeji ameamka na anaongea. Ni barabara iliyo mbovu. Punguza mwendo kwa kuongeza `max-frequency = <25000000>;` kwenye nodi ya kidhibiti, yaani 25 MHz. Ikitulia, mantiki yote ya mti iko sawa na tatizo ni la umeme wa nyaya.

Wa kwanza kushukiwa ni volteji ya nyaya hizo, `vqmmc-supply`. Kasi za juu za SDIO, kama SDR104 inayofika 208 MHz, hutaka 1.8 V. Bodi ikiwa imeunganishwa kwa 3.3 V moja kwa moja, ondoa `sd-uhs-sdr104` na ndugu zake uridhike na 50 MHz. Hapa nakuomba uwe mwangalifu kweli. Kuandika volteji ambayo mchoro hauitaji si kosa la kujaribu-jaribu. Unaweza kuichoma chipu. Kama mchoro wa saketi huna, soma mti wa kiwandani uliokuja na bodi, hata kama umeandikwa kwa kerneli ya zamani.

Ukishuku mistari ya data, weka `bus-width = <1>;`. Ikifanya kazi kwa mstari mmoja na kukataa kwa minne, basi mmoja wa DAT1 hadi DAT3 haujapewa kazi kwenye pinctrl au umekatika.

## Fimweya: kosa -2 na majina ya mafaili

Sasa chipu imeonekana, `brcmfmac` imeshika usukani, na unaona:

```
Direct firmware load for brcm/brcmfmac43455-sdio.raspberrypi,4-model-b.bin failed with error -2
```

Kosa -2 ni faili halipo. Lakini usishtuke kabla ya kusoma mstari unaofuata. Draiva hujaribu kwanza faili lenye jina la bodi yako, ikilikosa hujaribu la jumla, `brcmfmac43455-sdio.bin`. Mstari wa kwanza kushindwa na wa pili kufaulu ni hali ya kawaida kabisa.

Jina la bodi linatoka wapi? Kwenye lile neno la kwanza la `compatible` ya mzizi wa mti. Ndiyo maana mtu akinakili mti wa bodi nyingine bila kubadilisha mzizi, draiva inapakia vipimo vya bodi isiyo yake.

Hapo kuna mafaili matatu usiyachanganye. La `.bin` ni programu inayoendesha chipu. La `.txt` ni NVRAM, maelezo ya ufundi wa bodi: kioo cha saa kuu, nguvu za antena, vipimo vya kiwandani. La `.clm_blob` ni kanuni za chaneli. La kwanza hugawiwa pamoja na Linux. La pili ndilo hukosekana, kwa sababu kila bodi na lake.

NVRAM ikikosekana au ikiwa ya bodi nyingine, dalili yake maarufu ni hii:

```
brcmf_sdio_htclk: HT Avail timeout (1000000): clkctl 0x50
```

Chipu imepewa programu lakini saa yake kuu haikutulia. Fungua faili la `.txt` utazame `xtalfreq`. Chipu yenye kioo cha 37.4 MHz inaandikwa 37400, na moduli yenye kioo cha 26 MHz inaandikwa 26000. Ukichukua faili la Raspberry Pi ukaliweka kwenye moduli ya kioo cha 26, utapata ujumbe huo kila ukiwasha. NVRAM ikiwa sahihi na ujumbe upo, rudi kwenye ile saa ya 32.768 kHz.

## Inafanya kazi dakika chache, halafu inaganda

Utafutaji wa mitandao unafaulu, unaunganishwa, halafu ghafla kimya, na dmesg inajaa `resumed on timeout`. Au kinyume chake, chipu kuu inachemka na kerneli inaandika `nobody cared` kuhusu namba fulani ya mkatizo (interrupt), kisha inaizima.

Yote mawili ni ya `interrupts`. Kwenye mfano wetu, chipu ina waya wa pembeni wa kuigutusha chipu kuu. Kosa ninalolikuta zaidi ni la kuchanganya misamiati miwili: mtu anaandika `interrupts = <RK_PA3 GPIO_ACTIVE_HIGH>`. Inasomeka vizuri kwa macho. Lakini `GPIO_ACTIVE_HIGH` ni namba 0, na kwenye nafasi ya aina ya mkatizo 0 maana yake "hakuna aina". `GPIO_ACTIVE_LOW` ni 1, ambayo hapo maana yake ni ukingo unaopanda, kinyume cha mwandishi alichokusudia. Andika `IRQ_TYPE_LEVEL_HIGH`, ambayo ni 4, au `IRQ_TYPE_LEVEL_LOW`, ambayo ni 8, kulingana na mchoro.

Njia ya haraka ya kuthibitisha ni kufuta mistari mitatu ya mkatizo. Bila hiyo, draiva hutumia mkatizo unaopita ndani ya SDIO wenyewe, kwenye mstari wa DAT1. Ikitulia, umemjua mkosaji. Kama hujali kuamshwa na Wi-Fi bodi ikiwa imelala, unaweza hata kuiacha hivyo.

Kuna mtego mwingine ulio kinyume cha huu: umeandika mkatizo vizuri lakini `cat /proc/interrupts` haiuonyeshi. Tazama `reg` na `compatible` za nodi ndogo. `reg` si anwani ya kumbukumbu. Ni namba ya kitengo ndani ya kadi ya SDIO, na lazima iwe 1. `compatible` nayo lazima iwe na `brcm,bcm4329-fmac`, hata kama chipu yako ni ya 43455. Ukitaka kutaja jina lake halisi, litangulize na uache hilo la zamani lifuate. Ukikosea moja kati ya hayo Wi-Fi itafanya kazi kama kawaida, na nodi yako itapuuzwa kimyakimya.

## Bodi mbili zinatoana kwenye mtandao

Ukiwa na bodi moja huoni kitu. Ukiongeza ya pili ya aina ile ile, zinaanza kupokonyana muunganisho. Linganisha `ip link` za zote mbili. Zikiwa na anwani moja inayoanza na `00:90:4c`, inatoka kwenye mstari wa `macaddr` wa faili la NVRAM ambalo kila mtu amelinakili. Draiva nyingi za Wi-Fi husoma `local-mac-address` kwenye nodi ya chipu, na U-Boot inaweza kuijaza kwa anwani ya kipekee wakati wa kuwaka. Usiiandike kwa mkono ndani ya DTS, maana hapo utakuwa umerudisha tatizo lile lile kwa kila atakayetumia faili lako.

## Mtandao upo, lakini dhaifu au chaneli pungufu

Kwenye ruta zenye chipu za Qualcomm Atheros zinazoendeshwa na OpenWrt (Linux ya ruta), dalili ya maelezo mabaya si kufa. Ni kudhoofika: umbali unapungua, kasi inashuka, na mtu analaumu kuta. Vipimo vya kiwandani vya kila ruta vimehifadhiwa ndani ya flashi yake, na mti ndio unaoonyesha viko wapi:

```
nvmem-cells = <&precal_art_5000>;
nvmem-cell-names = "pre-calibration";
```

Jina na ukubwa lazima vilingane. Chipu za QCA9880 hutaka `calibration` yenye baiti 2116, na za kizazi cha baadaye hutaka `pre-calibration` ya baiti 12064. Usikopi vipimo vya ruta ya rafiki. Vilipimwa kwa ruta ile, si kwa aina ile.

Ruta zenye redio mbili za 5 GHz zina jambo lake. Kila redio ina kichujio kinachoruhusu nusu yake tu ya chaneli, na chipu haikijui. Bila kuelezwa, itakubali kurusha kwenye nusu isiyo yake na mawimbi yatafia kwenye kichujio. Sifa inayozuia hilo ni `ieee80211-freq-limit`, na masafa yake huandikwa kwa kHz, kwa mfano `<5170000 5350000>`. Ukiandika kwa MHz, hakuna chaneli itakayobaki.

Kwa upande wa Broadcom, ujumbe wa `no clm_blob available` unaelezea chaneli kupungua: weka lile faili la tatu. Kisha angalia nchi kwa `iw reg get`. Ikisoma 00, kerneli haijui uko wapi na inatumia kanuni za tahadhari za dunia nzima. Weka `iw reg set TZ` au `KE` kulingana na ulipo. Fimweya nyingine zina majina yake ya nchi yasiyofanana na ya kawaida, ndipo inapohitajika `brcm,ccode-map`, inayotafsiri kwa mfano `"JP-JP-78"`. Orodha hiyo iandikwe na anayejua fimweya yake. Chaneli ulizofunguliwa kimakosa zinaweza kuwa za rada au za watu wengine wenye leseni.

## Ikitoka usingizini, Wi-Fi haimo

Kama Wi-Fi ni nzima mpaka bodi ilale, tazama `keep-power-in-suspend`. Bila sifa hiyo umeme wa chipu hukatwa bodi ikilala, na fimweya yote inapotea kwenye kumbukumbu yake. Draiva inalazimika kuanza upya, na `wlan0` inarudi baada ya sekunde chache ikiwa na muunganisho uliokatika. Ukiiweka na bado inapotea, fungua `/sys/kernel/debug/regulator/regulator_summary` utafute ile `vcc1v8_wl`: chipu ya umeme inaweza kuwa na agizo lake la kuizima njia hiyo bodi ikilala, ndani ya nodi ya `regulator-state-mem`. Hapo badilisha `regulator-off-in-suspend` iwe `regulator-on-in-suspend`.